Shemegi Ameshika Adabu

Ijumaa, 10 Januari 2025

Hood kanipigia simu kutoka Sur, pwani ya Omani, baada ya sala. Kaniuliza afya, kaniuliza baridi ya huku Ibra, kaniombea subira. Na kaniita Bwana Nadhir. Mimi!

Miaka yote niliyokaa na dada yake Khamisa hajapata kuniita kwa jina langu. Baba yao alikuwa mkata mikoko Pemba, ndugu zake wavuvi, kwa hiyo kwa Hood watu wote ni miti au samaki. Mtu wa kutegemewa ni boriti. Mimi, mtoto wa mjini niliyelelewa kando ya bomba la maji, nilikuwa ufito. "Khamisa, huo ufito wako haujavunjika bado?" Ndivyo alivyokuwa akibisha hodi. Khamisa akicheka mpaka akishika ukuta.

Tangu tumzike Khamisa, Hood kashika adabu. Inanitisha adabu hii. Mgeni ndiye asiyetaniwa. Nadhani anaona uzi umekatika — dada hayupo, shemegi wa nini? Na mimi sina mwengine anayesema kama alivyokuwa akisema Khamisa. Wanangu Kiarabu, wajukuu Kiarabu na simu.

Chai nimeisahau motoni. Imekuwa lami. Nimeinywa.

Jumapili, 12 Januari

Nimepata hila! Hood hawezi kumvumilia mtu anayeharibu maneno ya bahari. Zamani nilikuwa nikikosea kwa ujinga, na alinisema mpaka nikakosa pa kujificha. Sasa nitakosea kwa makusudi.

Nimemtumia sauti kwa WhatsApp: "Shemegi, leo sokoni nimepata ng'onda mbichi, bado anarukaruka."

Ng'onda mbichi! Samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani mpaka akawa ubao — anarukaruka! Khamisa angenitoa nje na kiti changu.

Nimekaa na simu mkononi kama kijana aliyepeleka posa.

Jibu limekuja alasiri. "Mashaallah, Bwana Nadhir. Mungu akuzidishie riziki."

Nimelisikiliza tena, natafuta kicheko. Hamna.

Jumatatu, 13 Januari

Nimezidisha. Nimempigia picha dari ya nyumba ya zamani ya jirani, ile ya boriti za mkoko, nikamwambia: korija moja na nusu, yaani boriti kumi na tano. Korija ni ishirini! Baba yao aliuza kwa korija maisha yake yote. Kwa hesabu kama hiyo mzee angenifukuza na mahari yangu.

Hood: "Inawezekana, Bwana. Kila mahali na hesabu yake."

Khalas. Hakuna tusi linalouma kama hilo.

Binti yangu Hala kanikuta naigombeza simu. "Baba, unagombana na nani?" Nikamwambia, na mtu asiyetaka kugombana. Kanishika paji la uso, anatafuta homa.

Alhamisi, 16 Januari

Kesho naenda Sur. Sina la kumwambia. Nimelirudia njia nzima ya kwenda msikitini na kurudi, hilo nisilo nalo.

Ijumaa, 17 Januari

Niko Sur, chumba cha wageni, nimevaa kikoi cha Hood. Niandike kabla sijaanza kuyapamba mambo.

Mkewe, Badria, kanipokea mlangoni. "Mbona umekonda hivyo? Ibra hakuna wali?" Nikafurahi. Hood kamkatiza: "Mwache mgeni apumzike."

Mgeni!

Alasiri alikuwa anakwenda horini, kwenye mkono wa bahari, kutazama dema lake la kutegea samaki. Bamvua hili, maji yametoka mbali, tope tupu mpaka kwenye mikoko. "Wewe pumzika, Bwana Nadhir." Nikasema nakuja. Nimejiandaa kabisa: nikifika nitaliita dema tenga la kuku, tuone.

Sikufika. Hood alikwenda pekupeku, upondo wake wa kusukumia mashua begani, anakanyaga mizizi, mmoja baada ya mwengine. Mimi nyuma yake na viatu vyeusi na kanzu nyeupe. Nikaona pahala pamenyooka, panang'aa, pazuri. Nikakanyaga. Mguu wa kwanza ukazama. Wa pili ukaenda kuutafuta.

"Hood!"

Kageuka. Nimezama magotini, nasubiri. Akanyoosha upondo wake. "Pole, Bwana Nadhir."

Hata hapo! Nikauvuta ule upondo kwa hasira, nikaanguka kitako. Tope likaingia pasipoandikika. Kosa hili sikulipanga.

Nikasema, "Hood, nitukane basi. Nakuomba."

Akachutama juu ya mizizi. "Siwezi," akasema. "Nikitaka kukutania tu, namsikia dada anacheka."

Mimi nami nilikuwa namsikia. Mtu aliyekaa kwenye tope hana maneno mengi. Na mimi mjinga nilidhani amenichoka!

Akanitoa. Akaingiza mkono mpaka kwapani, akavitoa na viatu. Tukarudi, mimi pekupeku, yeye kavishika viatu vyangu mbali na mwili kama paka wafu.

Sasa yuko uani na jirani yake, Khalifa. Dirisha li wazi. Nasikiliza — naandika na huku nasikiliza, si tabia nzuri.

Khalifa kauliza, hivi viatu hapa bombani vya nani?

Nimesimamisha kalamu.

"Vya shemegi yangu."

Anapenga kamasi.

"Kanifuata horini amevaa kama anakwenda kuozesha. Nikamwambia bakia nyumbani. Wapi! Kaona tope linang'aa, kadhani sebule."

Khalifa anacheka. Hood hacheki. Anakohoa, anapenga, anaendelea. "Likammeza mpaka hapa."

"Magotini?"

"Magotini! Kiunoni! Na kanzu imefunguka juu ya tope kama mwamvuli!"

Uongo mtupu. Kanzu haikufunguka.

Badria kagonga mlango, wali tayari, niende uani. Nimemwashiria kwa mkono: ngoja. Kachungulia, kasikia, kaurudisha mlango polepole.

Wali unapoa. Nikitoka sasa, atanyamaza, na sijui kama ataweza kuanza tena. Sauti inamkatika kila baada ya maneno mawili, lakini hasimami. Tope limekwishanifika kifuani. Khalifa anaomba maji ya kunywa. Hood anamwambia, subiri, hujasikia bado — anapenga tena — kanifikisha shingoni, na bado ananizamisha.