Usitume Tena Ile Oili

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo huko baridini? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa kama injini ya asubuhi? Sisi tunapumua, na anayepumua hana budi kushukuru. Macho ya Mama yamezidi kufifia lakini masikio bado ya sungura. Ukimsengenya jikoni anakujibu kutoka sebuleni.

Nimepata habari kwamba umempata msafiri mwingine wa kumpa mzigo wetu. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Mdogo wangu, usitume tena ile oili.

Shemeji yako alinikataza nisikwambie. Aliniagiza niandike kwamba pikipiki imezeeka, naye ameamua kupumzika. Pikipiki ilizeeka kweli, lakini yule ni mtu wa kupumzika? Hata akiwa na homa alikuwa akisambaza mikate.

Zile chupa zako zilipofika alizipanga mezani akazitazama kama mtu anayetazama picha za harusi. Zina picha ya gari la mashindano, na oili yenyewe ni nyepesi, inang'aa kama asali. Akapeleka moja kwa Grisi, yule fundi jirani yetu ambaye hata shati lake la kutokea lina madoa. Nilikuwepo. Grisi alijidondoshea kidogo kidoleni, akasugua, akatikisa kichwa. Alisema oili ni nzuri sana, ila ni ya gari. Klachi ya gari hukaa pakavu. Ya pikipiki huoga ndani ya oili ileile ya injini, na hii ina utelezi uliozidi.

"Tena pikipiki yako haina rejeta," akamwambia. "Inapozwa na upepo. Ukikwama kwenye foleni, upepo hakuna, imebaki oili tu. Hii itakuwa maji. Nunua ile nzito ya pikipiki, hata kama chupa yake ni mbaya."

Shemeji yako alicheka. Njiani akaniuliza, "Mtu yuko mbali kote kule, amekumbuka pikipiki yangu. Nimwambie fundi kaikataa?"

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwanzoni injini ilinguruma laini, akajigamba mtaa mzima kwamba yeye ana shemeji, wengine wana wakwe tu. Halafu klachi ikaanza kuteleza: anazungusha eksileta, injini inapiga kelele, gurudumu halivuti. Kwenye mlima wa sokoni watembea kwa miguu wakawa wanampita na kumpungia mkono. Alicheka nao, na oili hakuibadilisha.

Kisha ikaja ajali. Asubuhi hiyo malori yalikuwa yameziba mlima. Alisota nyuma yao, sanduku la mikate limejaa, injini inanuka kuungua. Kumbe oili nayo ilikuwa imepungua, maana injini kuukuu huinywa ile nyepesi. Alipopata upenyo akakoleza mwendo, injini ikakwama ghafla, gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka. Pikipiki ikamwangukia gotini. Dereva wa lori la nyuma alifunga breki, akashuka kumwondolea pikipiki. Mikate ilitapakaa barabarani, watu wakaiokota, na wengine, sitaki kusema uongo, waliirudisha.

Goti limetiwa vyuma. Daktari anasema atatembea, ila halitakunjika tena kama zamani, na kukanyaga gia asahau. Mwenye tanuri la mikate, aliyemwajiri, alivumilia, kisha njia ile akampa mtu mwingine. Hatumlaumu, mikate haisubiri mifupa iunge. Shemeji yako amepewa kazi ya kupanga trei. Huketi kwenye kigoda, na yule mwenzake akiwasha pikipiki yake nje, anainamisha kichwa na kusikiliza mpaka mlio upotee. Kisha anashika trei nyingine. Nyumbani hazungumzi habari za barabara.

Grisi anasema tusiitwishe oili yako mzigo wote. Injini ilikuwa imechoka, na mwenyewe hakupima. Nimekuandikia hayo uyashike, maana nakujua, utakosa usingizi. Ulitoa kwa moyo mweupe. Hapa hakuna anayekunung'unikia.

Nina ombi moja tu. Usimwombe radhi. Ukimwomba atajua nimekwambia, na hilo litamuuma kuliko goti. Mwandikie kama kawaida yako, mtanie, mwulize habari za mikate, umwache akudanganye kwamba pikipiki ilimchosha. Ni yeye aliyeamua ulale vizuri. Tumwachie hilo.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Wapwa zako wanakusalimu, na Grisi pia. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni, na mpaka leo sijakutua,

Dada yako.