Jina la Chumbani Langoni

Shoga, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Lile jina la tamthilia yangu, Kidonge Changu? Ndivyo marehemu mjomba alivyokuwa akimwita mkewe wakiwa wawili tu chumbani. Mkewe aliniambia mwenyewe siku ya msiba, huku analia. Mimi nikalibandika kwenye bango bila hata kumwomba ruhusa!

Leo kaja kuitazama. Sikumwalika, shoga. Kaja mwenyewe, kapendeza.

Langoni muuza tiketi anapaza sauti: "Kidonge Changu! Kidonge Changu, huku!"

Mama wa watu akaitika. AKAITIKA, shoga! "Abee," kwa kasauti kadogo.

Kisha akaliona bango. Akaniona na mimi.

Kafungua pochi, kakata tiketi kama wageni wengine.