Kisiki cha Ukuta wa Mbele

Jumatatu, 4 Novemba
Siku ya tatu kwenye ukuta. Maji, brashi ya waya, makumbi ya nazi. Vidole vimechubuka. Mmea uliotambaa ukutani wenyewe umetoka, vijizizi vyake vimeganda kwenye chokaa kama gundi. Marehemu mume wangu ndiye aliyeupanda, akiupunguza kila Ijumaa. Ungebanduliwa mbichi usingeacha alama.

Jumanne, 5 Novemba
Kapita shemeji Seifu, mdogo wa marehemu. Eti nyumba inatia aibu. Nani alilikata shina nikiwa kwenye eda? Wiki ya kwanza tu. Nililisikia panga nikiwa chumbani, mawifi wamenikataza hata kuchungulia uani. Miezi minne na siku kumi, mmea ukakaukia ukutani. Leo kosa ni langu.

Nasugua tu. Hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba kwa sehemu kubwa ni ya ndugu zake. Lakini kwenye hitima Seifu alitamka mbele ya watu kwamba nitaendelea kuishi humu. Neno hilo ndilo nililolishika.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimekwangua kwa kisu, plasta ikatoka na vijizizi. Kipande cha ukubwa wa sahani. Nimelia kwa hasira. Kumbe dawa yake ni gunia bichi: unalibandika alfajiri, ikifika adhuhuri vimelainika. Nimelijua hilo nimebakiza kipande kidogo.

Ijumaa, 8 Novemba
Baada ya swala Seifu kaja na mke wake mdogo, yule wa Ikwiriri. Mwanamke kazunguka nyumba akipima madirisha kwa khanga. Anapima mapazia. Nikaelewa kabla shemeji hajafungua mdomo.

"Shemeji, ukimaliza huo ukuta, kisiki nacho king'oe. Halafu fungasha, nitakupeleka kwenu mwenyewe."

Hana hata haya. Namchukia. Acha niandike tena: namchukia.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimemaliza. Ukiacha pale plasta ilipotoka, hakuna alama hata moja. Si kwa ajili yake. Chokaa ile marehemu aliipaka kwa mkono wake.

Kisiki kina machipukizi mawili. Nimetifua udongo pembeni ili paonekane pamechimbwa, nikakimwagia maji, nikakifunika kwa kifuu.

Alhamisi, 14 Novemba
Ruaruke, kwa mama. Mvua imenyesha tangu juzi. Seifu kapiga simu, kauliza kama kisiki nilikitoa chote.

Nimemwambia ndiyo, shemeji, chote. Kisha nikarudi jikoni kumenya mihogo.