Kitambaa cha Nyaguthii

Kitale, 14 Januari 2024

Kwa dada yangu Nyaguthii,

Habari ya Bungoma? Natumaini wewe, shemeji Makokha na watoto mko wazima. Mimi niko sawa kabisa, nang'aa mpaka majirani wanauliza ninakula nini.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu Mama aliitia kwa sufuria ya githeri. Tulipoitoa ilikuwa imeiva kuliko maharagwe! Daktari amesema huu usahaulifu wake ni ugonjwa wa ubongo na hauponi. Nikamwambia, daktari, mimi nimeendesha lori mpaka Kigali na Goma, mama mmoja wa kilo arobaini atanishinda?

Shida ni moja tu. Msichana wa tatu wa kumwogesha ametoroka jana. Mama alimuuma. Na si unajua kwetu mtoto wa kiume haoni uchi wa mamake. Njoo hata wiki mbili. Ama nimlete kwako.

Kaka yako,
Gachanja


Bungoma, 2 Februari 2024

Kwa kaka Gachanja,

Pokea salamu nyingi. Sisi wazima, ila Makokha ana kikohozi. Mama anakula? Miguu imeacha kufura?

Kumleta hapa haiwezekani. Kwa hawa watu wa Makokha mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Hata mkono hawapeani.

Kuja nitakuja. Lakini wacha nikwambie ukweli. Krismasi Mama alinisimamisha langoni akauliza, "Wewe ni wa wapi, na unatafuta nani kwa boma langu?" Wewe ukacheka. Mimi nililia kutoka hapo mpaka Kimilili. Nipe muda. Tafuta msichana mwingine.

Dada yako,
Nyaguthii


Kitale, 20 Aprili 2024

Dada yangu,

Mko wazima? Kikohozi cha shemeji kimeisha? Simu mpya nimenunua, lakini haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Msichana wa nne hakumaliza siku mbili. Phelista wa hapa jirani alisaidia mara mbili, mgongo ukamkataa. Basi siku tisa, dada, Mama hakuguswa na maji. Mimi, mwanaume niliyebishana na askari wa mipaka mitatu, nilikuwa nasimama mlangoni napuliza manukato ya lori. Siku ya tisa nikaona kidonda kwa mgongo wake.

Kabla ya ile Krismasi ulisahau kitambaa chako cha kichwa nyuma ya mlango, kile cha kijani. Nikakifunga. Nikavaa na leso kiunoni. Cheka tu, bana. Mimi mwenyewe niliangalia kioo nikaona mwanamke mwenye ndevu. Nikaweka maji ya moto kwa karai, nikamfunika shuka, nikamwosha chini ya shuka, macho kwa kalenda ya ukutani. Mama akanishika shavu.

"Nyaguthii, umekuja," akasema. "Mikono yako imekuwa migumu. Wanakulimisha sana huko ulikoolewa?"

Nikabana sauti. "Ndiyo, Mama, nalima."

Tangu hapo, kila asubuhi mimi ni wewe. Anauliza watoto wako mmoja mmoja, namjibu. Kidonda kinafunga. Nisamehe.

Kaka yako,
Gachanja


Bungoma, 3 Mei 2024

Gachanja,

Natumaini mko wazima.

Mimi mwenyewe alinifukuza langoni. Wewe na ndevu zako anakuita kwa jina langu. Nimesoma hiyo barua mpaka Makokha akaninyang'anya. Usiniandikie kwanza.

Mwambie Mama watoto wanamsalimu. Hapana. Usimwambie kitu.

Nyaguthii


Kitale, 9 Agosti 2024

Dada,

Salamu. Najua ulinikataza kuandika, na simu hushiki.

Mama hamezi tena vizuri. Uji namlisha kwa kijiko cha chai, saa nzima kikombe kimoja. Kila asubuhi anamwita Nyaguthii. Naitika. Lakini nimechoka kuitikia jina la mtu aliye hai. Njoo uitike mwenyewe.

Kaka yako,
Gachanja


Bungoma, 11 Oktoba 2024

Kwa kaka yangu,

Habari ya huko tangu mazishi? Unalala? Unakula, ama unapika githeri na kuiangalia tu?

Kuna kitu sikukuambia pale kaburini. Ile asubuhi ya Agosti nilipofika, ukanipa kile kitambaa cha kijani, nikakifunga, nikachukua kitambaa cha kuogea. Mama akanishika vidole, akavirudisha. "Hii si mikono ya Nyaguthii. Ya Nyaguthii ni migumu." Ukaja ukaweka mikono yako juu ya yangu, tukamwosha pamoja, akatulia. Sikujua kama nishukuru ama nikimbie. Siku nne baadaye hakuwepo. Miezi mitatu yote nilikuwa Bungoma nimenuna.

Phelista amenipigia, ati umekataa lori na unataka kusomea kazi ya kutunza wazee. Makokha alicheka. Mimi sikucheka. Nakutumia hiki kitambaa cha kichwa, nilikibeba bila kuuliza. Sijakifua.

Dada yako,
Nyaguthii


Kitale, 16 Februari 2025

Kwa dada yangu,

Mko wazima nyote? Msalimie shemeji, mwambie kicheko chake nimekisikia huku.

Hiyo kozi niko ndani. Wasichana kumi na tisa na mimi, mzee aliyeishia darasa la saba. Kuandika wananishinda, lakini kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza, mwalimu ananiita mimi mbele niwaonyeshe. Siwezi kudanganya kwa hilo. Wamenipa Mzee Ngari nimtunze, alikuwa hedimasta. Amewafukuza wasichana wote. Mimi ananiita kwa jina la ndugu yake aliyekufa. Naitika, namnyoa ndevu, ananiuliza hesabu. Nikikosa ananiambia nipige magoti. Napiga.

Kitambaa, mimi pia sijakifua.

Juzi nikipita sokoni mwanamke akaita kwa nguvu, "Nyaguthii!" Alikuwa anaita mtoto wake. Nikaitika, dada. "Ndiyo, Mama." Soko lote likacheka. Nikacheka nao, halafu nikakaa chini kando ya magunia ya viazi, sikuweza kuinuka.

Kaka yako,
Gachanja