Msitu Aliouona Baba

S.L.P. 418
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa dada,

Hujambo wewe na shemeji? Yule mtoto kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima, ila mimi tangu jana sikai kitako. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nainuka kwenda kupanga vyombo vilivyokwisha kupangwa.

Ulinituma nimwambie baba aache kuendesha gari. Rahisi kwako, uko mbali! Basi nikamwomba tupande ile barabara kuu ya mlimani, aliyoipita na lori miaka thelathini bila kusimama kutazama chochote. Nilidhani penye mandhari nzuri maneno yatanitoka.

Tulisimama kwanza kwenye maporomoko ya maji. Nikafungua kinywa, nikaishia kuyasifia maji. Kisha kwenye yale mawe makubwa, nikapiga picha kumi na mbili, zote za mawe. Baba hakuzima injini hata mara moja. Mpaka leo anaogopa gari lisije likagoma kuwaka mlimani. "Umemaliza?" ananiuliza, huku anapiga honi. Nikajiapiza kuwa tukisimama tena, lazima niseme.

Juu kabisa, bonde lote likiwa wazi, baba alishuka mwenyewe. Akaegemea ukuta, akatazama weee, kisha akasema, "Msitu ule haujabadilika hata kidogo."

Dada, msitu ule ulikatwa zamani! Pale sasa ni mashamba ya viazi na mabati ya nyumba za watu.

Ndipo nikaelewa alichokuwa akinong'ona njia nzima. Nilidhani anasali, kumbe anahesabu kona. Nikazunguka gari, nikakaa kwenye usukani. Hakubisha, tena yeye! Akakaa upande wa pili, akaendelea kuhesabu kwa sauti: "Ya kumi na saba, kali, kushoto. Punguza, mwanangu."

Kesho nampeleka kwa daktari wa macho. Alinikataza kukwambia, lakini unanijua, siwezi kukaa na neno. Kasema ni mwaka mzima sasa ukungu unazidi.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie shemeji, na mpwa wangu umbusu mashavu yote mawili. Mungu awalinde, na wewe akuharakishe. Ulisema utakuja mwakani, nami nilikubali. Lakini jana tulipofika nyumbani baba aliniuliza kama bado umekonda. Njoo mwezi huu, dada, akutazame mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Kiherehere