Kodi ya Mwanamume

Jumamosi, 27 Machi 1954

Nimezalisha watoto wawili wodini tangu alfajiri, wote wazima. Nimefua mashuka mpaka vidole vimekunjamana. King'ora cha mgodi cha saa nane kimenikuta bado nina sabuni mikononi. Nikaenda dirishani kuchukua mshahara hivyo hivyo.

Karani Anselmi akasukuma hela chini ya wavu. Pungufu. Nikahesabu tena. Pungufu. Akasema ni kodi. Nikauliza kodi gani.

"Kodi ya kichwa, dada. Kwani wewe huna kichwa?"

Foleni nzima ikacheka. Akanigeuzia daftari nione mwenyewe. Doto Masanja, mwanamume, hajaonyesha stakabadhi ya mwaka huu, akatwe.

Mwanamume. Nimesimama mbele yake na gauni na kilemba, naye ananionyesha daftari. Eti kwenye mgodi wa kwanza alikofanya kazi kulikuwa na Doto mmoja, mchimbaji, kwa hiyo Doto ni jina la kiume. Kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, avae kaptura au avae gauni. Mtu anaishi Usukumani mwaka wa tatu na hilo halijui. Na baba angenikubalia ubatizo ningekuwa na jina la kanisani, yasingenikuta haya.

Sijala. 

Jumapili, 28 Machi

Nimetuma hela za nyumbani kama kila mwezi, kwa mkono wa Baba Rehema, jirani yangu, dereva wa lori la Shinyanga. Zaidi ya nusu, kama baba anavyotaka. Zilizobaki ni za unga na chumvi. Za akiba hakuna. Akiba ndiyo iliyokatwa.

Barua ya Sista Mkuu nimeisoma tena ingawa naijua kwa moyo. Chuo cha wakunga, upande wa Tabora. Julai mosi niwe nimefika. Nauli yangu mwenyewe, kitambaa cha magauni mawili, viatu vyeupe. Asiyefika nafasi yake inapewa mwingine.

Nazalisha tangu nije hapa. Daktari analala, mimi ndiye niko macho. Lakini sina cheti, kwa hiyo nalipwa sawasawa na anayedeki sakafu. Nikipata cheti sitarudi kufua mashuka. Hilo tu nalitaka. Si jambo kubwa.

Alhamisi, 1 Aprili

Nimerudi kwa Anselmi. Nimemwamkia shikamoo ingawa ni rika langu. Najichukia kwa hilo.

Anasema kweli, wanawake hawalipi kodi ya kichwa, hilo kila mtu anajua. Lakini pesa zimekwisha kwenda boma, na yeye si boma. Na daftari hawezi kulibadilisha bila amri. Alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, akiangalia kila alichokitoa.

Mama Rehema, mke wa dereva, mtu wa Ujiji, mdomo wake hauna breki. Nilipopita mlangoni kwake akainuka, akapiga goti. "Shikamoo, baba Doto." Nikakasirika. Kisha nikacheka kidogo. Kisha nikakasirika tena.

Alhamisi, 8 Aprili

Boma. Nimeomba ruhusa ya nusu siku, itakatwa nayo.

Tarishi wa mlangoni ananyoosha mkono kabla hujafungua mdomo. Sikumpa. Akanikalisha mwisho wa benchi, na kila aliyekuja nyuma yangu na kitu mfukoni akaingia kabla yangu. Ukuta pale kichwa cha mtu kinapoegemea umekuwa mweusi kwa mafuta ya vichwa. Harufu ya jasho na tumbaku. Mzee mmoja anatema mate kwenye kona, na hakuna anayesema kitu.

Jioni karani wa boma akanisikiliza. Akasema lete barua ya mgodi. Nikamwambia mgodi ndio walioandika mwanamume. Akafikiri. Akasema basi lete cheti cha daktari kwamba wewe ni mwanamke.

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Jumamosi, 10 Aprili

Daktari ameandika. Hakuuliza kitu, hakuinua hata kichwa. "Doto binti Masanja, mhudumu wa wodi ya wazazi, ni mwanamke." Sahihi, muhuri. Kwa Mzungu wakati mwingine ni heri hivyo, hana muda wa kukucheka.

Jumanne, 27 Aprili

Nakereka hata kuandika.

Karani wa boma alikichukua cheti akakisoma kwa sauti. Mbele ya watu wote. Benchi lilikuwa limejaa wanaume, wachimbaji, wafuga ng'ombe, Waarabu wawili wa duka. Akafika kwenye "ni mwanamke" akanitazama kuanzia kilemba mpaka miguuni, kama anakagua ng'ombe mnadani. Akauliza nimezaa. Nikasema sijazaa. Akauliza nimeolewa. Sijaolewa. "Sasa daktari amejuaje?" Wakacheka mpaka yule tarishi.

Baadhi yao wake zao nimewazalisha mimi. Nimewajua kwa sura. Walicheka kama wengine.

 Nikasimama tu. Akapiga muhuri. Akasema shauri limekubaliwa, pesa zitarudi, ningoje.

Nimeoga mara mbili. Bado najisikia mchafu.

Ijumaa, 14 Mei

Kimya. Nimekwenda boma tena, ningoje. Kitambaa cheupe dukani kwa Mwarabu kimebaki kipande kimoja. Nimemwomba anifichie. Amesema anaficha kwa arubuni. Sina arubuni.

Barua kutoka nyumbani, kwa mwandiko wa mwalimu wa shule. Baba anasema mwanangwa, mkuu wa kijiji, anapita nyumba kwa nyumba anadai kodi, na Kulwa, pacha wangu wa kiume, hajalipa. Amekimbilia kwa wajomba Mwakitolyo. Akikamatwa atapelekwa kuvunja mawe ya barabara. Baba anauliza kama naweza kuongeza kidogo mwezi huu.

Kulwa alivuna pamba mwaka jana. Pesa ya pamba alinunua baiskeli, akaiuza, akanywa. Hayo baba hakumwambia mwalimu ayaandike.

Sikuongeza. Nimetuma kama kawaida. Ningependa kuandika kwamba sikuona huruma, lakini niliona.

Jumapili, 30 Mei

Nimemwandikia Sista Mkuu. Nimesema nakuja, nauli inachelewa kidogo. Sikueleza. Ningeanzia wapi? Mtawa wa watu asome kwamba serikali imenifanya mwanamume.

Mama Rehema ameleta michembe ya viazi vitamu vikavu, tumeila na karanga. Anasema angekuwa yeye angemvizia Anselmi njiani. Nikamwambia si Anselmi peke yake. Akasema ndiyo, lakini Anselmi ndiye anayefikika.

Jumatatu, 14 Juni

Maji yamenifika shingoni.

Nimekwenda boma mapema, nimempa tarishi senti hamsini. Naam, nimempa. Nikaingia wa kwanza. Karani akafunua daftari, akafunua. Akasema pesa zilitoka zamani, mimi nalalamika nini?

Zilitoka zikaenda wapi? Zimekwenda kwetu. Kodi ya mtu huhesabiwa kwenye utemi alikozaliwa, kwa hiyo hurudishwa kule kule, barazani kwa mtemi. Nikasema vizuri, nitampa dereva barua anichukulie. Akatikisa kichwa kama mtu anayefundisha mtoto. Pesa ya mwanamke asiye na mume haitolewi kwake. Hutolewa kwa baba yake. Baba ameitwa, ameweka kidole gumba, amepokea.

Nikamuuliza: nilipokuwa mwanamume, mlimwuliza baba kabla ya kunikata?

Akasema dada, usinipotezee wakati.

Nimetembea mpaka kambini bila kuona njia. Miezi yote hii nakimbilia kuthibitisha kwamba mimi ni mwanamke. Mwanamume anakatwa, mwanamke harudishiwi. Walinisubiri kwenye milango yote miwili. Nimechoka gete, kabisa kabisa.

Jumanne, 15 Juni

Nimetuma ujumbe kwa baba kwa mdomo wa Baba Rehema. Pesa ile ni ya chuo. Airudishe yote na lori hilo hilo. Nimemfanya Baba Rehema arudie maneno asije akayalainisha. Ni mtu mpole, anapenda kulainisha.

Nauli naweza kukopa nusu kwa Mama Rehema, amesema yeye mwenyewe. Baba akirudisha nitafika. Bado nitafika.

Jumamosi, 19 Juni

Lori limerudi. Pesa haikuja. Amekuja Kulwa.

Ameshuka na kifurushi na fimbo, amenenepa kuliko mimi. Mfukoni mwa shati, ndani ya kitambaa, ana stakabadhi ya kodi. Mpya. Ya mwaka huu. Jina lake, mwanamume, amelipa. Ameninyooshea niione, anatabasamu. Sasa hakamatwi tena. Sasa anaweza kuandikwa kazi shimoni. "Asante, dada. Umeniokoa."

Baba alipokea pesa mezani, akageuka, akamlipa mwanangwa papo hapo. Hazikutoka hata mlangoni mwa baraza. Zimetoka kwangu kama mwanamume, zikarudi kama mwanamke, zikalipwa tena kama mwanamume. Serikali haikupungukiwa na senti.

Baba ametuma salamu. Anasema mapacha hawagawanyiki, kilicholipwa na mmoja kimelipwa na wote, na mimi ninajua mila.

Naijua sana. Tulipokuwa wadogo nikipewa shanga, Kulwa apewe shanga, ama sivyo mmoja ataugua. Nikinyolewa, naye anyolewe. Lakini alipopewa ndama mimi sikupewa ndama. Alipopewa shamba la pamba, mimi nilipewa jembe la kwenda kulilima. Mila hii ina mlango mmoja tu, na pesa zangu ndizo zinazopitia.

Nilimwambia hayo yote uso kwa uso, mbele ya Mama Rehema.  Alitazama chini. Kisha akauliza atalala wapi.

Jumapili, 20 Juni

Amelala kwangu, penye mlango. Anakoroma. Ana sura yangu, pua yangu, hata kovu la ndui pale pale shavuni. Namtazama nasikia kinyaa, halafu nasikia kwamba kinyaa hicho kinanigusa na mimi.

Baba Rehema ameniambia kwa aibu kwamba mama alilia. Hakusema alikuwa analilia nini.

Jumatano, 30 Juni

Kesho ni mosi. Sikwenda.

Ningeweza kuondoka na nusu ya nauli, nikaishia Shinyanga stesheni nikiwa na kilemba changu na viatu vya kandambili. Nimefikiria hata hilo.

Leo mke wa Anselmi amejifungua. Mtoto alitanguliza matako, ilichukua mchana kutwa. Nilimtoa mzima, na mama yake mzima. Anselmi alikuja mlangoni mwa wodi, ameshika kofia, macho mekundu. Akataka kunipa shilingi mbili. Nikamwambia aweke mfukoni. Akaniita Sista. Hakujua lingine la kuniita, nadhani. Nikaenda kufua.

Jumamosi, 17 Julai

Jibu la Sista Mkuu. Nafasi amepewa msichana mwingine. Hajakasirika. Kuna darasa jingine Januari, jina langu ameliacha kwenye orodha, lakini mara hii hatangoja. Nauli, kitambaa, viatu, vile vile.

Nimelia kidogo, chooni, penye harufu mbaya kuliko zote. Nimetoka nimenawa.

Kulwa ameandikwa kazi shimoni. Anaamka kabla yangu. Anapika uji mbaya.

Jumamosi, 31 Julai

Mshahara. Anselmi amesukuma hela chini ya wavu, kamili. Nimehesabu mbele yake. Daftari sasa limeandikwa mwanamke, amenionyesha bila kuombwa. Nikasema nimeona.

Baba Rehema alikuwa anapakia lori. Aliniona, akafuta mikono kwa tambara, akanyoosha mkono apokee za nyumbani kama kila mwezi. Nikamwambia mwezi huu hakuna. Akangoja, akidhani nitaongeza neno, salamu au sababu. Sikuongeza. Akafunga turubai.

Nilipita kwa Mwarabu. Kitambaa kile kimeuzwa, lakini ameleta kingine. Nimeacha arubuni. Hela nyingine nimempa Mama Rehema anitunzie, kwake hakuna atakayezitafuta.

Jioni Kulwa alirudi ana vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Akaniuliza nimetuma ngapi nyumbani. Nikasema sikutuma. Akakaa na sahani yake, anazungusha ugali, anazungusha. Nilijua anamfikiria baba, na nani atamwambia. Nilingoja aseme lile la baba, mapacha hawagawanyiki.

Hakulisema. Akauliza kama mboga imebaki. Imebaki kidogo, nimempa.