Mguu Uliochomwa Jumatatu

Jumatatu, 3 Juni
Baridi kali. Buti kama barafu. Nimechoma taka za hospitali, bandeji, sindano na vitambaa vya wodi ya leba, kama kila siku. Mchana watu wa chumba cha upasuaji wakaleta mfuko mwekundu, mzito upande mmoja. Nikajua ni mguu. Wa kijana mchimba dhahabu, kifusi kilimwangukia huko Chunya. Nimeuingiza tanurini pamoja na mengine. Sipendi kazi hiyo.

Jumanne, 4 Juni
Mama yake kaja kutoka Ilomba na khanga mpya ya kuuviringishia mguu. Anataka akauzike. Kiungo kisipozikwa, mwenyewe hatulii. Hata kwetu Igowole, kidole kilichokatwa na shoka tunakizika. Upasuaji aliukubali kaka wa mgonjwa, lakini kuhusu mguu hakuna ndugu aliyeulizwa. Mimi nikamwambia mama akaulize wodini. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda wodini kuchukua taka. Kijana analia vidole vinaungua, vya mguu usiokuwepo. Muuguzi anasema wengi waliokatwa husikia hivyo. Sawa. Lakini yeye alianza Jumatatu mchana, na Jumatatu mchana niliwasha moto. Naogopa. Nikifumba macho naona mlango wa tanuri.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwambia mama ukweli. Aliikunja khanga upya. Afadhali angenitukana. Kisha akaomba majivu. Nikakataa, yamejaa sindano, angejichoma na kubeba maradhi hadi nyumbani. Nikampeleka kwenye shimo la majivu, akasimama nje ya seng'enge. Akavua viatu. Akanipa khanga, nikaitandaza shimoni kwa mikono yangu yenye glavu. Akachota udongo, akaurusha juu ya waya.

"Lala, mguu wa mwanangu," akasema. "Uliyemwacha, mwache apone."

Akanishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga. Mimi wa kushukuriwa? Nimelia hadi aibu.

Jumapili, 9 Juni
Kijana kalala usiku kucha, wanasema. Mimi bado.

Jumatatu, 10 Juni
Ukungu. Wameleta mfuko mwekundu, mzito upande mmoja. Nikamuuliza muuguzi aliyeubeba kama ndugu wameulizwa. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaubeba, akarudi ndani kuuliza.

Nimekaa nje, kiberiti mfukoni. Tanuri bado ni baridi.